Usizungumze na Dereva

Mzee Klachi alifundisha watu udereva maisha yake yote, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Mwanafunzi akiachia klachi kwa pupa, gari likaruka kama mbuzi, mzee hakugomba. Alifungua mlango, akashuka, akasimama kando ya barabara mikono nyuma, akamwacha mtu peke yake na aibu yake. Nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamewahi kuachwa hivyo garini. Kiti chake kilikuwa kile cha abiria, ambako gari la shule ya udereva lina breki ya pili chini ya mguu wa mwalimu, na alipenda kusema breki ile ndiyo mke wake mdogo. Mke wake, ambaye hakuwahi kuwa na mke mwenza, alisonya kila aliposikia, na kila mara mzee alicheka kana kwamba ndiyo kwanza anasema.

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti, naye hakutaka habari za magari. Alisomea udaktari, akatibu wodini kwa muda, halafu akawaacha wagonjwa akaenda kujifungia maabara na panya wazee. Baba yake aliliona jambo hilo kama kituko.

"Hao panya wanaumwa nini?" aliuliza.

"Uzee, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Uzee si ugonjwa, mwanangu. Uzee ni kilomita."

Tangu siku hiyo akamwita Mama Panya, hata mbele za watu. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza, na Daktari, binti yake, alikuwa mtu wa kueleza. Akamwambia kwamba mwilini mwa mtu mzima kuna seli zilizochoka ambazo hazifi na wala hazifanyi kazi. Zimekaa tu, zinatema sumu kidogo kidogo, na sumu hiyo inazichosha hata seli jirani ambazo zilikuwa na afya njema.

"Kumbe ni wageni wasioaga," mzee akasema. "Wamekula, wamekunywa, na bado wamekalia kochi."

"Ndiyo hao, baba. Na dawa yetu inawatoa nje."

Panya waliopewa dawa hiyo walikuwa wamerudia kukimbia kwenye gurudumu lao, wale wale ambao wiki chache nyuma walikuwa wakijikunja pembeni mwa kizimba. Daktari hakuwa na ndoto ya watu kuishi milele, na aliyemsingizia hivyo alimkasirisha. Alichotaka ni kidogo: mtu ainuke kwenye kiti chake bila kuvutwa mkono, aende chooni kwa miguu yake, mpaka siku yake ifike. Bibi yake mzaa mama alikuwa amelala kitandani miaka mingi kabla ya kufa, akiomba radhi kila alipogeuzwa. Huko ndiko dawa ile ilikoanzia, ingawa kwenye maandishi yake ya kisomi hakuna pahala alipomtaja bibi.

Sasa, kumpa panya dawa ni rahisi kwa sababu panya haulizi maswali. Kazi ilipofika kwa binadamu, mambo yakakwama. Hospitali mbili zilikubali kufanya majaribio, vyumba vikapakwa rangi, viti vya kupimia vikaletwa, lakini wazee hawakuonekana. Wengine walisema dawa iliyofanyiwa panya ni sumu ya panya. Mmoja alisema wazi kwamba hii ni njama ya kuwamaliza mapema ili pensheni zao zisilipwe. Daktari alirudi nyumbani kwa wazazi wake, ambako alikula chakula cha jioni karibu kila siku, akiwa amenyong'onyea.

"Niandike mimi," Mzee Klachi akasema.

"Haiwezekani, baba. Wewe ni baba yangu."

"Ndiyo sababu. Watu wa mtaani watakunywaje dawa ya mwanangu kama mimi mwenyewe naiogopa?"

Kamati ya maadili ilikuna kichwa, ikakubali kwa sharti. Mzee angepimwa hospitali ile nyingine, na muuguzi wa kule, Sista mmoja mpole asiyejua utani. Daktari asingegusa vipimo vyake wala kuzungumza naye habari za dawa. Isitoshe, majaribio yenyewe yalikuwa ya kufumbwa macho. Nusu ya wazee walipewa dawa, na nusu wakapewa kidonge cha unga kinachofanana nacho rangi na ukubwa. Nani kapata kipi, hakujua mzee, hakujua Sista, hakujua hata Daktari aliyeitengeneza dawa. Alijua mtu mmoja tu wa takwimu, waliyemwita Desimali, na huyo alikuwa msiri kama kaburi.

"Kwa hiyo, baba," Daktari akasema siku ile mezani, "ukijisikia vizuri usiniambie. Ukijisikia vibaya usiniambie. Mwambie Sista. Mimi nikijua, kazi yote imeharibika."

"Hata nikirudia ujana nikataka kuoa?"

"Hilo mwambie Mama."

Mama akasonya. Mzee akainuka, akaenda uani kupekua kwenye makorokoro yake, akarudi na kibao cha bati alichokiokota zamani kwenye basi bovu: USIZUNGUMZE NA DEREVA GARI LIKIWA KATIKA MWENDO. Akakipigilia ukutani, juu kidogo ya meza ya chakula. Kuanzia hapo, Daktari akisahau akauliza, "Baba, umeshindaje?" mzee alinyoosha kidole kwenye kibao akaendelea kutafuna. Walicheka sana na kibao kile. Ni vizuri ijulikane kwamba walicheka, maana baadaye kila mtu alikitazama kana kwamba kilikuwa kibaya tangu mwanzo.

Mzee akawa mpiga debe wa majaribio yale. Aliwafuata wazee majumbani kwao, wengine aliowafundisha udereva wao wenyewe, wengine aliowafundishia watoto wao, akawapakia kwenye gari la shule na kuwashusha mlangoni mwa kliniki. Aliyesita aliambiwa, "Mimi nimeshameza, na bado nakuudhi." Vyumba vikajaa. Wazee wakawa wanapimwa: kuinuka kitini mikono imekunjwa kifuani, kutembea ukumbini, kukaza kiganja. Daktari aliwaona wazee wa hospitali yake wakija na kushindana kama watoto wa shule, na kwa mara ya kwanza aliamini kwamba jambo hili litafika mwisho wake.

Halafu ikaja ile jioni. Wazee wawili wa hospitali yake walikuwa wameanguka kwa kizunguzungu katika wiki moja, na kamati ya usalama wa majaribio ikamwita. Wakamwambia kwa upole, upole ule unaotisha, kwamba wanaangalia kwa karibu. Daktari alifika nyumbani hajala tangu asubuhi, akaketi chini ya kibao, na kabla Mama hajamwekea sahani akaanza kulia.

"Wakianguka wengine wachache tu, wataifunga," alisema. "Kizunguzungu kidogo tu tena, basi. Kazi yangu yote imekwisha."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sheria, na yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Alimkataza baba yake kusema, hakujikataza mwenyewe. Wala hakufikiri kwamba amefanya kosa. Alifikiri analia kwao, kama mtoto yeyote. Mzee Klachi hakutania usiku huo. Alimsogezea sahani, akamwambia, "Kula, Mama Panya. Hawataifunga." Daktari alilala kwao usiku huo, na alipopata usingizi baba yake bado alikuwa ameketi pale pale mezani.

Kizunguzungu cha wale wawili kiligundulika kuwa ni cha dawa za presha walizokuwa wakizidisha. Kamati ikalegeza. Daktari akapumua, akasahau kabisa maneno aliyoyasema. Baba yake hakuyasahau.

Kuna mambo ambayo mtu huyaona na asiyaone. Gari la shule, ambalo mzee alilifuta kila siku kama anayeogesha mtoto, lilianza kufunga vumbi. Daktari aliuliza, akajibiwa kwamba petroli imepanda. Wazee wa kliniki wakawa wanakwenda wenyewe. Mzee naye akawa anakwenda kwa lifti ya jirani, yeye ambaye hakuwahi kuamini gari lisilo na breki ya pili. Asubuhi moja Daktari alipitia kwao kabla ya kazi, akamkuta amesimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono yote miwili, uso una rangi ya majivu, macho ameyafumba.

"Baba, vipi?"

Mzee akafumbua macho. Ilimchukua muda. Kisha akaachia mkono mmoja na kuunyoosha kuelekea ukutani, kwenye kibao.

Daktari akacheka. Alikuwa amechelewa kikao, na utani ule ulimpa ruhusa ya kuondoka. Alimbusu shavuni, akahisi jasho la baridi, akajisemea kwamba Sista wa kule ni mtu makini, hataacha kuuliza. Ni kweli Sista aliuliza. Kila mara aliuliza, "Mzee, umewahi kupata kizunguzungu?" na kila mara mzee alijibu, "Kizunguzungu ni cha wapenzi, Sista. Mimi sijambo." Sista, asiyejua utani, aliandika kwamba hajambo. Siku za vipimo moyo wake nao ulijikaza ukapiga sawasawa, kama mwanafunzi mbele ya askari wa leseni.

Alikufa asubuhi, kabla ya chai. Mama alimkosa kitandani, akamtafuta bafuni, akamkuta kwenye gari, kwenye kiti chake cha mwalimu, mlango umefungwa vizuri na mguu umewekwa kwenye breki ya pili. Mama alidhani amesinzia. Alimwekea kikombe juu ya dashibodi kabla hajamgusa.

Msiba ulijaa madereva. Waliegesha magari kwa ustadi mtaa mzima, kila moja karibu na ukingo wa barabara namna marehemu alivyotaka, na mtu mmoja aliyemzibia mwenzake nafasi akaambiwa, "Angekuwepo, angeshuka." Watu wakacheka huku wakijifuta macho. Daktari hakucheka. Alikuwa na neno moja tu kichwani, na hakuweza kumwambia mtu: dawa yangu imemuua baba.

Kamati ya usalama ilifungua siri ya mzee kwa faragha, ikatazama alikuwa akimeza nini, ikaifunga, ikasema majaribio yaendelee. Daktari hakuambiwa zaidi. Wenzake walimpa pole, wakamshauri apumzike. Hakupumzika. Kila mzee aliyemwona akiinuka kitini kwa wepesi alimfurahisha kwa nusu ya moyo, na ile nusu nyingine ilikuwa inauliza kama wepesi huo ndio alioulipia baba yake kwa uhai wake. Nyumbani Mama alikitoa kibao ukutani, akakitia chini ya kitanda, na hakuwahi kuitaja dawa tena. Walikula kimya, mama na mwana, kila mmoja akiogopa mdomo wa mwenzake. Mama alianza kulifuta lile gari mwenyewe.

Ukaenda mwaka na zaidi kabla Desimali hajaitisha kikao. Alisimama mbele ya ukuta mweupe, mtu mwembamba asiyejua kutazamana na watu, akasoma matokeo kwa sauti ile ile ya kusomea mahudhurio. Waliomeza dawa walikuwa wakiinuka kitini kwa wepesi kuliko waliomeza unga. Walitembea bila kusita. Walianguka mara chache. Chumba kizima kikasimama kikapiga makofi, mkuu wa hospitali akamkumbatia Daktari, mtu akasema historia imeandikwa. Daktari alisubiri watoke, akamfuata Desimali kwenye korido.

"Baba yangu," alisema. "Alikuwa wapi?"

Sasa ilikuwa ruhusa kusema. Desimali alitazama viatu vyake. "Unga," akajibu. "Tangu siku ya kwanza. Kidonge chako hakikupita hata kimoja mdomoni mwake."

Daktari aliketi kwenye ngazi akalia kwa furaha, huku akijionea aibu kufurahi. Hakumuua. Hakumuua! Dawa ni njema, na baba alikwenda kwa ahadi yake mwenyewe, kama watu wote. Tumwachie furaha ile, kwani haikumaliza hata mchana mmoja. Alitoka hospitali bila kuaga, akaenda moja kwa moja nyumbani kumpelekea Mama.

Mama alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha mwanafunzi, kitambaa mkononi, akifuta usukani. Katika wanafunzi wote wa Mzee Klachi, mkewe ndiye pekee aliyemshinda kumfundisha. Alisema hawezi kuendesha huku akitazamwa na mume. Daktari akazunguka, akafungua mlango wa pili, na baada ya kusita kidogo akakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Mama, dawa inafanya kazi."

"Alhamdu," Mama akasema, mkono hauachi kufuta. Kisha ukaacha. "Na baba yako? Alikuwa anameza hiyo?"

Ndilo swali alilokaa nalo Mama tangu msiba. Alikuwa amelifungia kifuani mpaka sasa.

"Hapana, Mama. Alikuwa upande wa unga. Dawa yangu haikumgusa kabisa. Siyo mimi, Mama. Siyo dawa yangu."

Daktari alingoja Mama apumue, ashukuru, amkumbatie. Mama alikaa vile vile, anatazama mbele kupitia kioo, kama mtu anayesubiri taa iwake.

"Unga," akasema. "Basi alikuwa anaficha nini?"

"Anaficha?"

"Alianguka bafuni, mwanangu. Halafu akaanguka tena hapa uani. Macho yanageuka, anakwenda, halafu anarudi. Nikimshika mkono, pigo moja linakuja, halafu kimya, mpaka unajua basi, ameshakwenda. Halafu linakuja lingine. Nikamwambia twende kwa Sista tukaseme. Nikamwambia basi nimwambie mtoto. Aliniapisha. Akasema, 'Mke wangu, hukumsikia alivyolia? Kizunguzungu kimoja tu tena, wataifunga kazi yake. Mimi nisiwe ndiye huyo.' Akaacha kuendesha asije akagonga watoto wa watu. Lakini kusema akakataa." Mama akakikunja kitambaa, akakikunjua. "Nami nikamtii. Nilidhani ni dawa. Nilidhani ikiisha, kitaisha."

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga walikuwa na bahati, hawakuwa na mtoto mtafiti. Mtu huyu hakuficha kwa kiburi wala kwa ujinga. Alificha ili asiiharibie jina dawa ambayo hakuwa ameimeza. Aliulinda unga mpaka ukamwona anakufa, na unga hauna shukrani.

Daktari hakuhitaji kipimo. Pigo moja, kimya, halafu lingine: mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwanzo angeijua hali hiyo. Ni umeme wa moyo unaokatika njiani. Huwekwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kikaukumbusha moyo kupiga kila unaposahau. Hospitali yake ilikuwa na chumba cha kuvipachika, kwenye ghorofa ile ile ya ofisi yake, na wazee huingia asubuhi wakalala siku moja mbili wakarudi kwao. Alipita mbele ya mlango ule kila siku. Alikuwa ameupita asubuhi ile ile baba aliposhika fremu na kunyoosha kidole.

"Ungejua," Mama akauliza taratibu, "kilikuwa na tiba?"

Daktari alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema kilichopatikana, kipendeze kisipendeze; ndiyo kazi, na ndiyo dini yake. Akaiona mikono ya Mama imelishika lile tambara, mishipa imesimama, mikono iliyokuwa ikihesabu mapigo ya mumewe gizani na kunyamaza kwa sababu imeapishwa.

"Hapana, Mama," akasema. "Moyo ulikuwa umechoka. Hata mimi nisingeweza kitu."

Mama alimgeukia akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, macho yale yale yaliyokuwa yakimjua utotoni akiiba sukari.

"Haya," akasema.

Akarudia kufuta usukani. Daktari alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mguu umeikanyaga breki kwa nguvu zote ingawa gari lilikuwa limezimwa, na machozi yakawa yanamdondokea kifuani bila sauti. Alimtaka baba yake. Alitaka amnyooshee kidole ukutani tena, naye akatae kucheka, akatae kwenda kikao, amvue shati amsikilize moyo hata kama kazi yote ingeharibika. Ingeharibika! Ingekuwa nini?

Baada ya muda alinyoosha mkono, akamshika Mama kwenye kifundo cha mkono, namna mtoto anavyomshika mzazi. Vidole vyake vilitafuta mahali vinapopajua. Akatulia, akaanza kuhesabu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Kweli, Mama?"

"Sijambo," Mama akasema. Ni jibu la watu wote, la mzima na la aliyebebwa kwenye machela. Daktari hakuuachia mkono.